Kuchora watu laivu kwa wino na rangi za maji: anza na kitakachohama kwanza

Ugumu wa kuchora mtu aliye mbele yako sio pua wala vidole, ugumu ni kwamba huyo mtu hajakaa pale kwa ajili yako. Atageuka, atatoa simu, basi lake litafika na ataondoka. Sasa wengi wakianza wanavamia jicho, wanalipamba na kope zake mpaka linapendeza kabisa, wakija kuinua kichwa jamaa kashaegemea upande mwingine na lile jicho halina mwili wa kukaa. Mi nafuata kanuni moja tu, chochote kitakachohama kwanza ndo nakikamata kwanza. Mkao unaondoka kwa sekunde, shati na viatu vipo mpaka mwenyewe aondoke, na rangi unaweza kuipaka hata ukiwa umeshafika nyumbani.

Tuanze na wino maana hapo ndo watu wanalia. Wino mwingi wa peni za kujaza ni wa kuyeyuka, unachora vizuri, unangoja ukauke, unapitisha brashi yenye maji na uso wote unageuka tope la bluu. Unachotaka ni wino wa pigimenti, yaani wenye chembechembe za rangi zisizoyeyuka, ule ambao ukishakauka hautoki kwa maji. Usiamini maandishi ya kwenye chupa peke yake, chora mistari kadhaa kwenye karatasi ileile utakayotumia, subiri dakika moja au mbili, pitisha brashi mbichi juu yake uone, maana kuna karatasi zinachelewesha wino kukauka. Na wino wa India (ule mweusi tii) wenye shelaki, yaani utomvu unaokauka ukawa mgumu kama vanishi, usiutie kabisa kwenye peni ya kujaza, ukikauka mule ndani umeziba na kuuzibua ni kazi, huo ni wa brashi au peni ya kuchovya. Bolpeni? Nyingi zinavumilia maji vizuri tu, jaribu yako kwanza. Afu kuna wanaopenda wino unaoyeyuka makusudi, wanachora mistari michache wakaigusa na brashi yenye maji matupu, kivuli kinajitokeza chenyewe, na kwa kweli kinapendeza, ila hapo rangi usiweke nyingi.

Karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba haijikunji sana ukiimwagia maji, ya gramu 200 inatosha kama hupaki maji mengi, ile ya printa ya gramu 80 iache kwa mazoezi ya wino peke yake. Brashi moja ya duara, namba 8 hivi, yenye ncha inayojirudi vizuri, inafanya kazi zote. Rangi sita ni nyingi tayari.

Pa kukaa chagua penye watu wanaosubiri kitu: kituo cha basi, foleni, maktaba, uwanja wa ndege. Aliyelala ni zawadi, anayesoma pia, na siku hizi mtu aliyeinamia simu anaweza kutulia muda mrefu kuliko modeli wa kulipwa. Anayefanya kazi ya kujirudia nae ni mzuri sana, anayefagia au kupiga ngoma, kwa sababu kila baada ya sekunde kadhaa anarudi kwenye mkao uleule, we anza michoro miwili au mitatu kwenye ukurasa mmoja, kila mkao na wake, akirudi kwenye mkao wa kwanza unaendelea na wa kwanza, akibadilisha unaruka kwenye mwingine. Usikae karibu sana, ukiwa umbali wa mita tano sita unamuona mtu mzima bila kuzungusha shingo.

Sekunde thelathini za kwanza. Hapa usiharakishe kusoma. Kabla peni haijagusa karatasi jiulize uzito wa huyu mtu uko wapi. Akiwa amesimama kwa kuegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo inapanda juu na bega la upande huohuo kwa kawaida linashuka, yaani mistari miwili ya mabega na nyonga inapingana, na kile kishimo cha chini ya koo kinaangukia karibu wima juu ya unyayo uliobeba uzito. Wachongaji wa Ugiriki ya kale walilijua hili vizuri sana. Kwa hiyo piga mstari wa mabega, mstari wa nyonga, yai la kichwa likiwa na mwinamo wake, afu shusha mstari kutoka koo mpaka kwenye huo unyayo, yote kwa mkono mwepesi kabisa wa kugusa tu. Ukishayapata hayo manne hata akiondoka unae. Bila hayo, hata uchore vifungo vyote vya shati, ataonekana anaanguka.

Aliyekaa ana lake: angalia makalio yanapokutana na kiti na mgongo umepinda kiasi gani. Wengi tunawachora waliokaa wakiwa wamenyooka, wakati mtu aliyechoka kusubiri amejikunja kabisa, na mkunjo huo ndo unamtambulisha hata kwa anayemjua bila kuona uso.

Vipimo uvijue vichache tu. Mtu mzima ana urefu wa vichwa saba mpaka saba na nusu hivi, macho yako katikati ya kichwa (sio juu kama tunavyozoea kuyaweka), na kiganja mpaka ncha ya kidole kinafunika uso kutoka kidevuni mpaka kwenye paji. Mtoto mdogo anaweza kuwa na vichwa vinne tu, ukimchora na kichwa kidogo unapata mtu mzima aliyepunguzwa. Ukiwa na shaka nyoosha mkono, peni mbele ya jicho moja, pima kichwa, hesabu kinaingia mara ngapi mpaka chini.

Wakiwa wengi kuna njia inayookoa muda. Ukiwa umesimama kwenye uwanja wa tambarare na wao wamesimama, macho ya watu wazima wa urefu kama wako yote yanakaa kwenye mstari mmoja, wa karibu na wa mbali, kinachotofautiana ni miguu, wa karibu miguu inashuka chini zaidi kwenye karatasi. Ukiwa umekaa, mstari huo unahamia kwenye vifua au viuno vyao, na unawakata wote mahali palepale. Weka mstari kwanza afu watundike watu hapo, umati unakaa sawa bila kupima kila mmoja.

Kuhusu mstari wenyewe wa wino: hakuna kufuta, na usitamani kufuta. Mkono ukikosewa, chora mwingine pembeni yake ulio sahihi na uendelee, rangi ikija itachagua mmoja na jicho litaufuata. Usifunge kila umbo, upande unaopigwa na mwanga uache mstari ukatike. Mikunjo ya nguo usiitapanye kila mahali, inatokea penye kuvutwa au kubanwa, kiwiko, goti, kwapa, mkanda, chora mitatu minne inayoeleza kiungo kimepinda wapi.

Akiondoka kabla hujamaliza, azima. Anakuja mwingine mwenye umbo la kufanana, unachukua miguu yake, wa tatu anatoa begi. Na rangi andika kwa maneno pembeni, "koti kijani, kivuli zambarau", unapaka baadae. Mchoraji Mfaransa Delacroix alipokwenda Moroko mwaka 1832 alijaza madaftari kwa mtindo huo, wino, madoa ya rangi za maji, na maelezo ya rangi yameandikwa juu ya michoro yenyewe, afu akaendelea kuyatumia kwenye picha zake kubwa kwa miaka mingi.

Sasa rangi. Finya macho mpaka uone sehemu mbili tu, mwanga na kivuli. Paka kivuli kama doa moja linaloungana, kutoka chini ya nywele, upande wa shavu, chini ya kidevu, likashuka shingoni mpaka kwenye shati, bila kusimama kwenye mipaka ya vitu. Hii inawashinda wengi kwa sababu wino umeshachora mipaka na mkono unataka kuijaza kama kitabu cha watoto cha kupaka rangi. Wino umeshasema kitu kiko wapi, rangi haina haja ya kurudia. Ikitoka nje ya mstari kidogo ni sawa tu, inaleta uhai.

Ngozi: kwa watu wengi naanza na sienna ya kuchomwa, ile kahawia yenye wekundu. Mweusi, iongezee bluu ya altramarini (bluu iliyokolea) kwenye vivuli, na maji yawe machache ili rangi iwe na nguvu. Nyeusi ya kwenye tyubu iache, inaua ngozi. Pale mwanga unapogonga paji, pua na mfupa wa shavu acha karatasi au weka ubluu mwepesi sana kama uko nje, maana ngozi nyeusi inaakisi anga. Maji ya kunde, sienna na oka ya njano, yaani njano ya udongo. Mweupe, oka na wekundu kidogo kwenye maji mengi. Kwa wote wekundu unaongezeka masikioni, puani, mashavuni na kwenye vifundo vya vidole, gusa hapo wakati rangi ya kwanza bado mbichi iingie yenyewe. Kumbuka rangi za maji zikikauka zinafifia, kwa hiyo changanya iliyokolea kuliko unavyoona inafaa.

Usipake kila kitu, shati jekundu likiwa ndo limekuvutia, paka shati na kivuli cha ngozi basi. Pale British Museum, makumbusho ya London, kuna mchoro wa Mholanzi Rembrandt wa mwanamke aliyelala, wa miaka ya 1650, ni brashi na wino wa kahawia tu, sehemu kubwa ya karatasi iko tupu na mtu yupo mzimamzima.

Ukikamatwa unaangalia, tabasamu na muoneshe mchoro, wengi wanacheka na wengine wanataka wapige picha. Asiyependa, funga daftari umuache. Watoto waombe wazazi wao kwanza. Na daftari likiwa bado bichi usilifunge, weka klipu kwenye kurasa ulitembeze wazi, maana sura mbili zikigusana mbichi zitabadilishana mashavu.