Metali iliyo peke yake ndiyo ya kuangalia kwanza

Kwa wanaojiandaa na mtihani wa kemia: ukipewa metali na myeyusho wa chumvi, usikimbilie kuandika mazao. Linganisha metali iliyo peke yake na ile iliyo ndani ya chumvi. Iliyo peke yake ikiwa juu zaidi kwenye mfululizo wa utendaji (orodha ya metali kuanzia inayotenda kwa nguvu zaidi: K, Na, Ca, Mg, Al, Zn, Fe, Pb, Cu, Ag), inaingia kwenye chumvi na kumtoa mwenyeji. Ikiwa chini, andika "hakuna mmenyuko" na uendelee. Sababu ni kwamba metali ya juu hutoa elektroni kwa urahisi zaidi, na ioni ya metali ya chini huzipokea.

Alama nyingi hupotea kwenye fomula, kwa hiyo ijenge upya kutokana na chaji. Shaba ndani ya nitrati ya fedha haitoi CuNO₃, kwa sababu shaba huwa Cu²⁺ na huhitaji nitrati (NO₃⁻) mbili:

Cu + 2AgNO₃ → Cu(NO₃)₂ + 2Ag

Chuma nacho, kikimtoa shaba, huwa Fe²⁺, si Fe³⁺.

Njia hii hukwama mahali pachache. K, Na na Ca hushambulia maji yenyewe na kutoa hidrojeni. Alumini hufunikwa na utando wa oksidi, hivyo kwenye salfeti ya shaba huweza kukaa kimya muda mrefu. Tia chumvi ya mezani kidogo, kloridi itautoboa utando huo na shaba nyekundu ianze kujitokeza.