Ukienda kuchomwa sindano za Kichina kwa mara ya kwanza

Mimi ni fundi cherehani, na kiuno ndicho kilichonipeleka kwenye akupancha. Hofu ya sindano iweke kando: ya cherehani namba 14 ina unene wa milimita 0.9, hizi huwa kama 0.25, wala hazina dawa ndani.

Kwanza pita hospitali ujue unaumwa nini. Tiba hii huenda sambamba na ya hospitali, haichukui nafasi yake, kwa hiyo vidonge vya presha au kisukari usiviache. Kula kidogo, maana mwenye njaa huweza kuzimia. Vaa nguo pana, inayokunjika hadi gotini.

Ukifika, sema kama una ujauzito, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au umewekewa kifaa cha moyo. Halafu mtazame mikono huyo anayekuchoma. Pakiti ifunguliwe mbele yako, na sindano ikishatumika itupwe kwenye boksi la usalama. Akiichomoa kwenye kikopo cha spiriti, chukua mkoba wako uondoke. Hapo mimi sina mjadala.

Ikiingia utahisi uzito au ganzi inayosambaa. Ikiuma sana, mwambie aitoe. Utalala dakika 20 hadi 30. Usitarajie nafuu siku hiyohiyo: kwa kipandauso, mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, hutaja hadi vipindi 10 katika wiki 5 hadi 8. Damu kuvilia kidogo ni kawaida. Ila ukichomwa kifuani au mgongoni kisha pumzi ikabana, kimbilia hospitali, hata kama ni usiku.