Unataka kuwa stenografa wa mahakama Marekani? Pima vidole kabla hujalipa ada

Wabeba boksi wenzangu mliopo Marekani, kuna kazi huwa hatuiongelei kabisa, ile ya yule mtu anayekaa karibu na jaji kimyaaa na kimashine chake anaandika kila neno linalotamkwa. Kazi ipo, waliomo wengi wanastaafu na shule zinatoa wachache, takwimu za serikali za 2023 ziliweka mshahara wa kati kama dola 64,000 kwa mwaka, na kwa kawaida digrii ya miaka minne haidaiwi. Shida ni spidi tu, hapo ndo wengi wanaishia.

Ile mashine ina vitufe 22 hivi na havina herufi juu. Hubonyezi herufi moja moja, unabonyeza kadhaa kwa mpigo kama unapiga kinanda, konsonanti za mwanzo mkono wa kushoto, vokali kwa dole gumba, za mwisho mkono wa kulia. Neno "cat" ni K, A na T ya kulia kwa pamoja, basi limetoka. M ya mwanzo haina kitufe chake, unabonyeza P na H ndo inakuwa M, hapo watu wanaanza kukuna kichwa.

Kwa hiyo anza bure. Pakua Plover, programu ya steno isiyo na malipo, unaitumia na kibodi ya kompyuta, ila kibodi nyingi za bei poa zinagoma ukibonyeza vitufe vingi pamoja, tafuta zile za wacheza gemu zinazosoma vyote kwa mpigo. Chama cha mastenografa wa mahakama, NCRA, nacho kina kozi ya utangulizi inaitwa A to Z, haina ada.

Vidole vikikubali ndo utafute shule, na kwanza angalia jimbo unalotaka kufanyia kazi linadai nini, maana California na Texas wana leseni zao. Cheti cha NCRA kinaitwa RPR: mtihani wa maarifa, halafu kuandika dakika tano tano, maneno 180 kwa dakika ya hotuba, 200 ya jaji akiwaelekeza watu wa juri, 225 ya maswali na majibu ya shahidi, usahihi asilimia 95. Wengi wanakwama njiani na kuacha. Anayekuambia miezi sita umemaliza anataka hela yako tu.

Kuhusu lafudhi punguzeni presha, kazi ni ya masikio na vidole, utaongea pale unapomwapisha shahidi au ukiambiwa usome tena alichosema. Kinachotesa ni Kiingereza chenyewe, majina ya dawa, misemo ya mtaani, shahidi anaongea mbio huku wakili anamkatiza. Zoeza masikio kwa vitu hivyo, taarifa ya habari haitoshi.

Mahakamani unaajiriwa, mshahara na bima. Ukijitegemea unaitwa na mawakili wakati mashahidi wanahojiwa kwa kiapo kabla ya kesi, unalipwa kwa ukurasa, na upande wa pili ukitaka nakala wanalipa tena, ila ujue utarudi nyumbani na masaa mengine ya kusahihisha ambayo hayana malipo yake. Wengine wanawaandikia wanafunzi viziwi mihadhara ya chuo moja kwa moja, na mi naona hiyo ndo tamu zaidi.

AI na mashine za kurekodi zipo, tusidanganyane, kuna mahakama zimeshahamia huko, ingawa California kesi kubwa za jinai bado zinataka mtu. Spidi ikikugomea kabisa, kuna chama kingine, AAERT, wanatoa vyeti kwa wanaosimamia kurekodi sauti na wanaoichapa baadaye, huko hakuna anayekudai maneno 225.