Hamira, sukari na baluni: jaribio la kwanza darasani

Tafuta chupa mbili za plastiki za nusu lita, zinazofanana. Kila moja itie mililita 150 za maji vuguvugu na kijiko cha chai cha hamira. Sukari, vijiko viwili, iingie chupa moja tu. Hiyo ndiyo tofauti pekee. Ukibadilisha mawili kwa pamoja, watoto hawatajua kilichofanya kazi ni kipi.

Kabla ya kuvika baluni kwenye mdomo wa kila chupa, kila mtoto aandike daftarini anachotabiri, na kwa nini. Usimpe jibu. Utabiri uliokosea usifutwe, maana humo ndimo maswali mazuri hutoka.

Pimeni mzingo wa baluni kwa uzi na rula kila dakika 10. Ya sukari huinuka polepole: hamira inakula sukari na kutoa kaboni dioksaidi.

Isipovimba, mara nyingi maji yalikuwa moto mno yakaua hamira. Yajaribu kwa kifundo cha mkono; yasichome. Asubuhi za Julai hapa Nairobi chupa hupoa upesi, kwa hiyo zisimamishe zote mbili kwenye beseni moja la maji vuguvugu. Povu likiwepo na baluni imelala, hewa inavuja mdomoni: kaza kwa uzi.