Kuchanganya sauti ya filamu ndefu: tanguliza mazungumzo, mengine yafuate

Mtazamaji asiposikia mhusika kasema nini, humgeukia aliyekaa naye na kuuliza, na hapo wote wawili wanaikosa sentensi inayofuata. Ndiyo maana utaratibu ninaoueleza hapa umejengwa juu ya mazungumzo. Muziki, mvua, milipuko na nyayo hupimwa kwa hayo.

1. Pokea kazi iliyokwisha kuhaririwa

Usianze kabla mhariri wa picha hajafunga kazi. Picha ikikatwa upya ukiwa katikati ya miksi, kila kitu baada ya mkato huo kinahama. Mwombe faili la AAF (linalohamisha vipande vya sauti kutoka programu yake hadi yako) lenye ziada ya sekunde kadhaa kabla na baada ya kila kipande, video yenye namba za muda zinazoonekana kwenye picha, na rekodi asilia za maikrofoni zote, si ile moja aliyoitumia wakati wa kuhariri.

Kisha hakikisha kasi ya fremu. Fremu 24 na fremu 23.976 kwa sekunde zinaonekana ndugu, lakini tofauti yake ni asilimia 0.1: kwenye filamu ya dakika 90 sauti itapishana na picha kwa zaidi ya sekunde 5. Fungua mradi wako kwa ubora wa rekodi wa kilohezi 48 na biti 24, na uweke mlio mfupi wa fremu moja sekunde 2 kamili kabla ya picha ya kwanza. Mlio huo ndio utakaothibitisha baadaye kwamba sauti na picha zimekaa pamoja.

2. Weka kiwango cha usikilizaji, kisha usikiguse

Piga pinki noizi (mvumo wa majaribio wenye masafa yote) ya −20 dBFS, yaani desibeli 20 chini ya kikomo cha sauti ya dijitali, kwenye spika moja baada ya nyingine, na upime kwa mita ya sauti iliyowekwa uzani wa C (chaguo la mita linalohesabu besi karibu kikamilifu) ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha kazi. Kwenye chumba cha ukubwa wa sinema, spika za mbele husomeka desibeli 85, na kila upande wa spika za mzunguko (za pembeni na nyuma) 82. Chumba kidogo huhitaji kushuka. 79 ni mahali pazuri pa kuanzia, na kikiwa kidogo sana shuka zaidi.

Sababu ni sikio lenyewe. Sauti ikiwa chini, besi na masafa ya juu hupungua masikioni mwetu kuliko masafa ya kati. Ukipandisha na kushusha kitufe kila baada ya nusu saa, maamuzi ya asubuhi na ya jioni yatakuwa ya filamu mbili tofauti.

3. Mazungumzo

Hapa ndipo penye kazi hasa, na mimi huipa hatua hii muda mwingi kuliko nyingine zote. Panga sauti za kila mhusika kwenye traki zake. Sentensi moja ikiwa imenaswa na bumu (maikrofoni ya kwenye mti mrefu juu ya waigizaji) na pia na maikrofoni ya kubana kwenye nguo, chagua mojawapo. Ukiziacha zote mbili, mawimbi yake yanapishana na sauti inakuwa nyembamba, kama inatoka ndani ya bomba. Mimi huanza na bumu, kwa sababu hubeba chumba pamoja na sauti. Ya nguoni huingia pale bumu ilipokuwa mbali.

Tuseme watu wawili wameketi mezani. Picha za mwanamke zilipigwa kiyoyozi kikiunguruma. Za mwanamume zilipigwa kimezimwa. Kila picha inapobadilika, muungurumo unatokea na kupotea, na mtazamaji anausikia kila mkato. Wengi hukimbilia kuufuta. Anza kinyume chake: tafuta kipande cha kiyoyozi kitupu, ambacho mwanamke hasemi, ukitandike chini ya sentensi za mwanamume pia, kikiingia na kutoka taratibu. Muungurumo usiokatika sikio huuzoea upesi. Sasa ndipo upunguze kelele kidogo kwa programu, na uishie pale sauti ya mtu inapoanza kukauka au kulia kama iko majini.

Baada ya hapo ondoa mitikisiko iliyo chini ya hezi 80, kwa tahadhari kwenye sauti nzito. Uzito unaoziba maneno mara nyingi unakaa kati ya hezi 200 na 400. Uwazi wa konsonanti uko kati ya kilohezi 2 na 4. Sawazisha kwa fada (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti), neno kwa neno, kabla ya kuita kompresa, kifaa kinachobana sauti kubwa chenyewe. Mazungumzo yakae spika ya katikati.

Sentensi zilizorekodiwa upya studio husikika karibu mno. Punguza besi, ongeza mwangwi unaolingana na chumba kinachoonekana, na utandike chini yake hewa ya eneo lile lile, yaani sauti ya mahali pale bila maneno.

4. Mandhari na vitendo

Mandhari kama upepo, ndege au mtaa yapeleke kushoto, kulia na nyuma, uiache katikati wazi. Nyayo na nguo ziwe za kuhisiwa zaidi kuliko kusikika. Chaneli ya besi peke yake itunze kwa matukio makubwa.

5. Muziki

Usiushushe wote mara mhusika anapofumbua mdomo. Mtazamaji atasikia mkono wako. Upunguze kidogo kwenye kilohezi 2 hadi 4 chini ya maneno, na uuache upumue kati ya sentensi. Vinapogongana, muulize mwongozaji tukio linabebwa na kipi, ukiache hicho kitawale.

6. Makundi na kukabidhi

Toa mazungumzo, muziki na athari (sauti za mandhari na vitendo) kama makundi matatu yanayojitegemea. Miksi ya sinema hutegemea kiwango ulichopima hatua ya 2. Kwingine kuna namba: Netflix hutaka mazungumzo yawe −27 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), na vilele vya wimbi visizidi desibeli −2 za dijitali; televisheni za Ulaya hufuata kanuni ya R128, yaani −23 LUFS kwa programu nzima. Sikiliza pia miksi ya stereo iliyotokana na ile ya 5.1 (spika tano na moja ya besi), maana mazungumzo huweza kuzama humo.

Mwisho, zima kundi la mazungumzo na utazame filamu yote kwa muziki na athari tu, kwani toleo hilo ndilo litakalotumika kuingiza lugha nyingine. Kila mlango unaofungwa bila sauti na kila kikombe kinachotua kimya kilikuwa kimejificha ndani ya rekodi ya mazungumzo. Virekodi upya, uvijaze, kisha ukabidhi.