Kompyuta inazimika katikati ya gemu: tazama kwanza inavyozimika

Yangu ilikuwa na mahali pake pa kufia. Gemu ya mbio za magari, gari linatoka kwenye handaki, jua, miti na watazamaji vinajaa kwenye kioo kwa mpigo, halafu tap! Kioo cheusi tii, feni kimya, taa zote zimezima. Nikahangaika nayo miezi miwili nikilaumu joto. Nikabadilisha pesti ya prosesa (ile krimu ya kupitisha joto), nikanunua feni mbili ambazo hazikuwa na kazi yoyote, na kumbe tatizo lilikuwa waya. Ningejiuliza mapema inazimika vipi, hela ya feni ningebaki nayo.

Kama picha inaganda na sauti inakwama ikijirudia huku feni na taa zinaendelea, huko si kuzimika. Hapo shuku draiva (programu inayoendesha kifaa), RAM, au kadi ya michoro iliyoongezewa kasi. Kama inajiwasha upya yenyewe, huenda kuna kioo cha bluu kinachopita haraka usikione, maana Windows imewekwa tangu mwanzo kujiwasha upya ikikutana na kosa kubwa. Izuie: tafuta View advanced system settings, ingia Startup and Recovery, toa tiki kwenye Automatically restart. Safari ijayo kioo cha bluu kikitokea kitakaa hapo, ukipige picha kwa simu usome jina la kosa. Ila kama inakata kabisa, kama vile mtu amechomoa plagi, basi ugonjwa wetu ni mmoja.

Angalia na monitor. Nayo ikizimika pamoja na kompyuta, matatizo yako nje: soketi, ekstensheni, au UPS (betri ya akiba) ndogo iliyoelemewa, ambayo mara nyingi hupiga mlio kabla ya kukata. Chomeka moja kwa moja ukutani ujaribu tena. Monitor ikibaki inawaka na kuandika kwamba haipati picha, shida iko ndani ya boksi.

Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia. Kama hakiitikii mpaka uzime swichi ya nyuma ya pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), usubiri kidogo, ndipo uwashe, hiyo ni dalili nzito: ulinzi wa pawa saplai umejifunga wenyewe baada ya kuona umeme usioutaka. Yangu ilifanya hivyo tangu siku ya kwanza. Mdogo wangu akawa ndiye wa kutambaa chini ya meza kuizima na kuiwasha, na sote tukachukulia kwamba ndiyo tabia ya mashine yetu. Jibu lilikuwa pale chini, tunalipapasa kila usiku.

Ukiwasha, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, kwenye System. Utakuta Kernel-Power, namba 41, kwa rangi nyekundu. Watu wengi wakiiona hushtuka wakidhani ndiyo chanzo. Inachosema ni kwamba kompyuta ilikufa bila kuaga, na hilo unalijua tayari. Faida yake iko ndani, kwenye Details: BugcheckCode ikiwa 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa, umeme ulikatika ghafla. Ikiwa namba nyingine, kulikuwa na kioo cha bluu. Ukiona pia WHEA-Logger jirani na saa hiyohiyo, kuna kifaa kimelalamika, mara nyingi prosesa au kitu kilichochomekwa kwenye madabodi, yaani bodi kuu.

Sasa joto, na hapa usikisie, pima. Weka HWiNFO, programu ya kupima joto na umeme, fungua vipimo vyake, iamuru iandike kwenye faili, kisha cheza mpaka ife. Baadaye fungua faili usome mistari ya mwisho. Yangu ilionyesha prosesa nyuzi 71, kadi nyuzi 68. Hesabu za kawaida kabisa, na mtu mwenye akili angeachana na habari za joto papo hapo. Mimi nikaagiza feni.

Ujue prosesa ya sasa ikifika kikomo chake, mara nyingi nyuzi 95 au 100 kutegemea aina, kwanza hujipunguza kasi. Kuzimika ni hatua ya mwisho. Kwa hiyo kifo cha joto huwa na dalili kabla: gemu inaanza kukwamakwama, feni zinavuma, na ukiwasha tena papo hapo inakufa mapema zaidi. Kama joto linaruka mpaka nyuzi 90 na kitu ndani ya sekunde chache tu, hitisinki (chuma cha kupooza prosesa) haijakaa sawa, pampu ya maji imekufa, au (nimeshaona kwa macho yangu) karatasi ya plastiki ya kiwandani bado imebandikwa chini yake. Kama ni vumbi, puliza, ila shikilia feni kwa kidole isizunguke.

Nirudi kwenye umeme. Kadi ya michoro hainywi umeme kwa utulivu, hunywa kwa mafunda. Picha ikibadilika ghafla, kadi kubwa inaweza kuvuta umeme mwingi kuliko kiwango chake kwa muda wa milisekunde chache, na HWiNFO inayosoma kila sekunde mbili haitaona kitu. Pawa saplai inaona, na inakata. Ndiyo maana yangu ilikuwa ikifia kwenye mlango wa handaki. Ndiyo maana pia FurMark, programu ya kuijaribu kadi, ilinidanganya: niliiacha ikaikamua kadi dakika ishirini, haikuzimika, nikasema umeme uko safi. FurMark hubeba mzigo mzito lakini wa mfululizo, haina yale mafunda.

Kipimo kilichonifungua macho hakikunigharimu chochote. Kwenye MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi ya michoro, shusha power limit (kikomo cha umeme wa kadi) mpaka asilimia 70, na kwenye gemu funga fremu (picha zinazochorwa) zisizidi 60 kwa sekunde. Cheza palepale inapofia. Yangu iliyokuwa ikifa kwa dakika kumi ilienda saa nzima. Ikitokea hivyo kwako, mshukiwa ni umeme: pawa saplai ndogo, iliyochoka, au nyaya zake.

Anza na nyaya. Kadi yangu ina matundu mawili ya pini 8, na mimi mwenyewe siku ya kuifunga nilitumia waya mmoja wenye vichwa viwili, kwa sababu ulipendeza zaidi kuutazama. Kila tundu la pini 8 limepangiwa wati 150, kwa hiyo waya mmoja ulikuwa ukibeba mzigo wa nyaya mbili. Na pawa saplai yangu imegawa umeme kwa matawi, kila tawi na kikomo chake. Tawi moja likawa linaelemewa huku jingine limekaa bure. Nikachomoa kichwa kimoja, nikavuta waya wa pili kutoka tundu jingine la pawa saplai, nikasukuma mpaka usikike mlio wa kubana.

Tumia nyaya zilizokuja na pawa saplai hiyohiyo tu. Za nyingine zinaweza kuingia vizuri kabisa na bado pini zikawa zimepangwa tofauti, ukaunguza kadi au diski. Na pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe, ndani hubaki umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Ukiishuku, azima nyingine yenye nguvu ya kutosha pamoja na nyaya zake, ujaribu. Ikizimika hata kwa hiyo, shuku kadi, madabodi, au hata kitufe cha mbele kilichokwama.

Wa laptop: angalia wati za chaja kama ndizo zilizoandikwa kwenye laptop, na usichezee juu ya kitanda.

Jambo jingine ambalo lilinipotezea wiki: badilisha kitu kimoja, cheza, andika kwenye daftari, ndipo ushike kingine. Niliwahi kubadilisha pesti, draiva na soketi kwa siku moja, ikakaa siku nne bila kuzimika, na ilipozimika tena sikujua hata nianzie wapi.

Usiku wa waya wa pili nilirudisha power limit asilimia 100, nikafungua fremu, nikaingia kwenye handaki lile. Mdogo wangu alishajipenyeza chini ya meza, kidole kwenye swichi, anangoja. Nikatoka upande wa pili. Nikazunguka tena, na tena. Baada ya mizunguko kama kumi na mitano akatoka mwenyewe, akajipangusa vumbi magotini, akaenda kulala.