Baiskeli kwenye ndege: linda gia ya nyuma kwanza
Kinachoharibika mara nyingi si fremu, ni kile kipande chembamba cha alumini kinachoshikilia gia ya nyuma, yaani kifaa kinachohamisha cheni. Boksi likilaliwa na mizigo mingine kinapinda, na ukifika cheni inarukaruka au inaingia kwenye spoku. Fungua gia kwa alen (ufunguo wa pembe sita) ya mm 5, iviringishe kitambaa na cheni yake, kisha ifunge kwa ndani ya fremu.

Pedali ya kushoto hulegea kwa kuzungushwa upande inakokwenda mishale ya saa, kinyume na ya kulia. Wengi hulazimisha wakaua nyuzi.

Ukitoa gurudumu la mbele, kaza kipande cha mbao katikati ya ncha za uma (mikono miwili inayoshika gurudumu hilo) zisibanane. Kama breki ni za diski za mafuta, chomeka kadibodi ngumu kati ya pedi: mkono wa breki ukibonyezwa bila diski, pedi hujifunga na diski haiingii tena.

Tairi punguza upepo tu, usimalize; upepo uliobaki hulinda rimu. Betri ya baiskeli ya umeme inayozidi Wh 160 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri) haipandi ndege kama mzigo wa abiria.